Mabano

Mimi ndiye ninayeyaweka. Si wajumbe.
Wao husimamisha wima vibao vya nchi zao,
mwenyekiti huwaita mmoja mmoja,
na mimi, Ionie Facey, meza ya nyuma karibu na kiyoyozi,
hufungua bano, huandika, hufunga bano.
Neno likiwa humo ndani
halijazaliwa na halijafa.

Nje, Kingston inaungua na Julai yake.
Humu watu wamevaa sweta.
Tangu saa tatu tuko kwenye sentensi moja:
mchimbaji [atahakikisha] [atajitahidi kuhakikisha]
kwamba tope analolitimua huko chini, kilomita nne na ushei,
halitaleta [, kadiri iwezekanavyo,] madhara [makubwa].

Kati ya atahakikisha na atajitahidi
inapita meli nzima, na mabaharia wake, na mkopo wa benki.
Kati ya madhara na madhara makubwa
anatambaa mnyama asiye na jina bado,
mweupe, laini, miguu yake mirija ya maji,
asiyejua kwamba leo anajadiliwa
wala kwamba hakutengewa kibao.

Urithi wa pamoja wa wanadamu wote:
hilo halina mabano. Limo mkatabani tangu sijaajiriwa.
Kila mmoja hulitaja kwanza, kama bismillahi,
ndipo ataje asilimia ya mrabaha.
Siku ya pili Akanisi Vuetibau wa Fiji alilishika, hakuliachia:
"Kwetu urithi hugawanywa baada ya mazishi.
Naomba kuuliza, Mheshimiwa Mwenyekiti,
marehemu ni nani?"

Vibandani wakalimani walisita. Yule wa Kirusi alikohoa.
Mwenyekiti alimshukuru kwa mchango wake.
Nilitafuta pa kuliweka swali lile;
halikuwa na kifungu.
Niliwahi kufungua bano tu,
kisha mtu akaomba hoja ya utaratibu.

Mchana nilila pati ya nyama kwenye ukuta wa bandari.
Ng'ambo ile ni Port Royal. Nusu ya mji ilizama
kwa tetemeko, kabla mabibi wa mabibi zangu hawajauzwa huku.
Shuleni walituambia mitaa bado iko chini ya maji, na matofali yake.
Kwa hiyo mimi kuwepo kwa kitu huko chini
hakujawahi kunishangaza.

Bwana Tvedten wa kampuni, mtu mpole, hunipisha mlangoni,
alitugawia vinundu vya sakafu ya bahari
vyeusi, kama viazi vilivyosahaulika jivuni.
"Milimita chache," alisema, "kwa miaka milioni,"
akatazama saa yake ya mkononi.
Saa zote hapa zinakwenda hivyo.
Iliwahi kusemwa: kanuni zikamilike kwa miaka miwili, la sivyo.
Miaka miwili ikaja, ikapita.
Tungali kwenye la sivyo.

Saa tano usiku. Ukumbi mtupu, vikombe, sweta moja imesahauliwa.
Kazi yangu ya mwisho ni hesabu:
mabano yaliyofunguliwa, elfu mbili mia tatu kumi na moja.
Yaliyofungwa, elfu mbili mia tatu na kumi.

Nikahesabu tena. Ni yale yale.
Basi mahali fulani katika rasimu hii kuna mlango wazi,
na kila kilichofuata, faini, wakaguzi, dhamana,
viambatisho, nafasi za sahihi,
vyote vimo ndani yake, havijakubaliwa,
na bahari nayo.

Kipo kinundu mezani. Nimekilaza juu ya karatasi zisipeperuke.
Kubonyeza mara moja tu kunatosha kulifunga.
Kesho saa nne kamili, kifungu cha kumi na nane.

Najua lilipo.
Nilivaa ile sweta, nikazima taa, [